Chora Mche Kabla ya Kuupanda

Wacha niseme hii kitu halafu mnirushie mawe: tunapanda miti tusiyoijua. Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032. Novemba 13, 2023 tulipewa hadi siku ya mapumziko tukapande. Watu wakavaa gambuti, wakashika mche sekunde kumi, picha, wakaenda zao. Uliza msee, "Ulipanda nini?" Atakuambia, "Mti." Mti gani? Kimya.

Dawa naona ni ndogo na haina gharama kubwa: brashi, rangi za maji, na watu watano sita wamezunguka mche mmoja wakiuchora.

Najua unachofikiria. Ati hayo ni mambo ya wamama wa Karen. Si uongo kabisa. Joy Adamson, yule wa simba Elsa, kabla ya simba alizunguka hii nchi akichora mimea, na mwaka wa 1947 Uingereza ikampa medali ya dhahabu ya Grenfell. Michoro yake iko na Makumbusho ya Taifa mpaka leo, na ni kali. Lakini mbona sisi tuliozaliwa hapa tuache hiyo kazi iishie kwake?

Shuleni tulichora, ndio. Biolojia: mbegu ya maharagwe, penseli iliyochongwa, mstari usiokatika, usipake kivuli, andika majina kando. Tulikuwa tunachora kitabu. Ndio maana mtu ana A na hajui kwamba mche wa maharagwe ukitoka, majani yake mawili ya kwanza ni mazima, na yale ya vipande vitatu yanafuata baadaye. Sukuma inaanza na vijani viwili vya umbo la moyo, havifanani hata kidogo na ile unakula na ugali. Mwembe nao, majani yake machanga si kijani. Ni kama shaba imechanganywa na zambarau. Ukiambiwa uchore kwa kichwa utachukua kijani. Ukiuangalia, utaosha brashi uanze upya.

Rangi za maji hazitaki haraka. Mwangaza kwenye jani ni karatasi uliyoiacha tupu tangu mwanzo, kwa hivyo lazima uangalie kabla hujagusa. Na kile kijani cha kwenye kisanduku kinafanya kila mmea ukae plastiki. Changanya bluu na njano, weka tone la nyekundu kupunguza makali. Karatasi ya fotokopi itajikunja kama chapati, tafuteni ile nzito ya gramu 300, mkate vipande mgawane.

Kwa nini kikundi? Peke yako utashika simu baada ya dakika tano, tusidanganyane. Halafu kila mtu ana upande wake. Mimi naona jani limekunjika, aliye mbele yangu anaona shimo la mdudu, mwingine anasema shina limeinama. Na kama uko dirishani, limeinama kweli: mche hugeuka kufuata mwanga mkiwa bado mnauchora. Hapo mnaanza kubishana nani ako sawa.

Zile jioni za waini ambapo wote mnakopi machweo mamoja, sina vita nazo. Ila kando ya Ngong Road na Lang'ata Road kuna watu wanauza miche. Nunua mmoja, salimia mwenye kitalu, muulize jina, maji kiasi gani, utafika urefu gani. Jakaranda tunayojivunia Nairobi asili yake ni Amerika Kusini, kalatusi na mukima ni za Australia. Mutarakwa ndio wa hapa.

Kuna mwenye atasema mti hauhitaji picha, unahitaji maji. Sawa, na ni nani anapeleka hayo maji? Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, na akina mama walilipwa pesa kidogo kwa kila mche uliobaki hai. Mashimo hayakuhesabiwa. Sisi siku hizi tunahesabu mashimo. Mtu aliyekaa na mche saa mbili akitafuta rangi ya jani lake, huyo atarudi kuuangalia.

Kwetu tuko saba, na kila mwezi tunachora miche ile ile tena. Mmoja ulikauka Januari. Mwenyewe bado ana mchoro wake ukiwa na majani manne, na amekataa kuutoa ukutani. Wangu ni mutarakwa. Uko kwa mkebe wa rangi nje ya mlango, na mwenye ploti hajauliza bado.