Pikipiki Izimikapo kwa Joto

Safu ya kila wiki ya Ramazani Musafiri

Miongoni mwa maradhi yanayozipata pikipiki zetu katika njia ya Kasongo na Kabambare, hakuna yanayowapotezea watu fedha na wakati kama yale ya mashine iwakayo vizuri alfajiri, ikaenda nusu saa bila kikwazo, kisha ikazimika mlimani na kukataa katakata kuwaka mpaka ipoe. Na ipoapo huwaka kana kwamba haikuwa na neno, ikaendelea hadi izimike tena. Wamotari wengi wameizoea hali hii hata wakaihesabu kuwa tabia ya pikipiki, wala si ila yenye sababu yake. Hushuka, huketi kivulini, humwambia abiria, "Tungoje ipoe, mzee, itawaka," na kweli huwaka. Mimi nasema kuwa kungoja huko ndiko kunakoyaficha maradhi, kwa sababu dalili zake huonekana wakati ule tu mashine ingali na joto, na fundi anayeletewa pikipiki iliyokwisha poa ni sawa na tabibu anayempima mgonjwa baada ya homa kushuka.

Njia hii si ya jana. Ndiyo iliyopitwa na misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Kabambare, kisha Kasongo, mji uliokuwa makao ya Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip. Na mwaka 1876 Stanley aliipita akielekea Lualaba, mashua yake Lady Alice ikichukuliwa vipande vipande na wapagazi. Leo shehena iliyokuwa ya wapagazi imehamia pikipiki: mchele, bidoni za mawese, dawa za zahanati, wachimba dhahabu waendao Salamabila, na wajawazito wanaokimbizwa hospitalini. Ni zaidi ya kilomita 100 za udongo, vumbi wakati wa kiangazi na tope la kuzamisha gurudumu wakati wa mvua. Mama aliyeshikwa na uchungu hana saa ya kungojea injini ipoe, na kwa hiyo jambo hili nalihesabu kuwa la umma, si la mafundi peke yao.

Ilmu yenyewe si ngumu. Injini haitaki ila vitu vitatu: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake, cheche kwa wakati wake, na mbano wa kutosha ndani ya silinda. Izimikapo, basi, kabla hujashika ufunguo wowote, fungua kifuniko cha tangi. Kifuniko hicho kina kitundu chembamba cha kuingizia hewa ili ichukue nafasi ya petroli inayoshuka; kitundu kikizibwa, petroli hushindwa kushuka, kabureta ikakauka, na mashine ikafa. Muda ule wa kuketi kivulini hewa hupenya kidogo kidogo, petroli ikashuka tena, na mwenye pikipiki akaamini kuwa ni ubaridi uliomfaa, ilhali joto halikuhusika hata chembe. Muda ndio uliosadifiana nalo. Karibu na mto Luama nilimwona kijana aliyekwisha nunua bobina mpya na buji mbili kwa ajili ya maradhi haya. Alipofungua kifuniko apate kutazama kama petroli ingalipo, tangi likavuta hewa kwa sauti, sote tuliokuwapo tukaisikia. Na chini ya kifuniko palikuwa na kipande cha mfuko wa plastiki, alichokikunja kwa mikono yake mwenyewe na kukibana barabara ili maji ya mvua yasiingie. Akakitoa, akangoja kidogo, akapiga kiki, ikawaka. Bobina ya kwanza, ambayo bila shaka ilikuwa nzima, alikuwa amekwisha itupa.

Tangi likiwa halina neno, itafute cheche, na uitafute papo hapo. Chomoa buji kwa kitambaa, maana huunguza, ivike kofia ya waya wake, iegemeze kwenye chuma cha silinda mbali na tundu lake, kwa kuwa mvuke wa petroli hushika moto, kisha piga kiki ukitazama. Cheche ikikosekana injini ikiwa na joto, nayo ikarudi ikishapoa, na umehakikisha kuwa buji na waya wake ni vizima, ndipo pa kuituhumu bobina: uzi wa shaba uliokatika ndani yake hugusana ukiwa baridi, na joto likiutanua huachana. Hapo ununuzi wa bobina una hoja. Kabla ya hapo ni kubahatisha kwa fedha ya mtu.

Cheche ikiwapo na petroli ikiwapo, zitilie shaka vali. Mafundi wetu hupenda kuzikaza ili injini isigonge, kwa sababu wateja husifu injini nyamavu. Lakini chuma hurefuka kwa joto, na ile nafasi iliyo aghalabu chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita ikimalizika, vali haifungi sawasawa, mbano huvuja, na kiki huwa nyepesi mguuni. Nafasi hiyo hupimwa kwa vibati vyake injini ikiwa baridi, wala haipimwi kwa sikio. Tope lililokaukia kwenye mapezi ya silinda huzidisha balaa hili, maana pikipiki zetu hazina cha kuzipoza ila upepo wa mwendo.

Vipuri hutufikia kwa safari ndefu na kwa bei ya safari hiyo. Kwa sababu hii naviomba vyama vya wamotari, ambavyo hukusanya michango ya wanachama wao, viweke katika kila kituo mkoba mmoja wa pamoja: vibati vya kupimia vali, buji nzima, na bobina moja iliyojulikana kuwa njema kwa kila aina ya pikipiki itumikayo hapa, ya kuazimwa kwa majaribio, si ya kuuzwa. Mwanachama ataifunga bobina hiyo kwenye pikipiki yake, ataiendesha mpaka ipate joto lile lile linaloizima, na akiona haizimiki atakuwa amejua anunue nini. Ikizimika bado, atairudisha mkobani na fedha yake ingali mfukoni. Kituo cha Kasongo kinaweza kuanza kwa mchango wa mwezi huu, na cha Kabambare kikafuata kabla mvua hazijaifunga njia.