Usimpulizie nyigu sumu, mvalishe kiwavi neti

Kama una mlimau au mndimu umepanda kwenye ndoo kuukuu hapo nje ya keja yako, hebu chungulia yale majani machanga. Ukiona kitu kama kinyesi cha ndege, usikifute haraka. Huenda ni kiwavi. Mwache ale, avue ngozi mara kadhaa, atageuka kijani kibichi. Baadaye atakuwa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye akitua tu kila mtu anatoa simu ampige picha.

Shida ni kwamba wengi hawafiki hapo. Nyigu, yule wa kiuno chembamba anayejenga kiota chini ya paa, hupitia majani yako moja moja akisaka nyama. Akimpata kiwavi anamtafuna mpaka anakuwa donge, kisha anaruka nalo kwenda kulisha watoto wake. Kiwavi naye akisumbuliwa hutoa vipembe vya rangi ya machungwa vyenye harufu kali. Hiyo ndiyo silaha yake yote, na mara nyingi haimtoshi. Asubuhi umeacha sita, jioni unakuta wawili.

Sasa hapo ndipo wasee wengi hukimbilia mkebe wa dawa ya wadudu. Na hapo ndipo mimi na wewe tunakosana.

Kwanza, fikiria tu: kiwavi pia ni mdudu. Dawa ikitua kwenye jani atakalokula, umemuua yule uliyetaka kumwokoa. Na kama umepanda sukuma wiki pembeni, sumu hiyo hiyo itaishia kwenye sufuria yako.

Pili, nyigu si jambazi. Yule anayekula watoto wa kipepeo wako ndiye huyo huyo anayekula viwavi wanaotoboa kabeji na sukuma. Anakufanyia kibarua bila kukuomba hata bob. Ukimmaliza, usishangae mboga zikianza kuonekana kama kichujio cha chai.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sitajifanya profesa wa wadudu. Lakini historia ya hapa kwetu iko wazi. Mwaka wa 1993, huko Pwani, mambo mawili yalianza. Karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, wanakijiji walianza kufuga vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo, wakiuza pupa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho. Mwaka huo huo, watafiti wa icipe waliachilia Pwani nyigu wadogo sana kutoka Asia ili washambulie viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Nyigu hao hutaga mayai ndani ya kiwavi, na watoto wao wakianguliwa humla kutoka ndani.

Umeona hapo? Pwani moja, mwaka mmoja. Huku watu wanalea viwavi, kule wengine wanaleta maadui wa viwavi. Na wote walikuwa sawa, kwa sababu mkulima wa mahindi ana shida yake na mfugaji wa vipepeo ana yake. Mfugaji hahitaji kuwamaliza nyigu wote wa Kilifi. Anawaweka viwavi wake ndani ya neti, basi.

Hata wewe unaweza, na haigharimu sana. Nunua kitambaa chepesi cha neti, kile cha mapazia au shela ya bibi harusi. Lakini tafadhali, usikate ile neti ya mbu ya serikali. Imetiwa dawa ya kuua wadudu na itamaliza viwavi wako wote. Kagua tawi kwanza, utoe buibui na chungu. Valisha neti kama mfuko, uache nafasi majani yapumue, kisha funga kamba chini pasibaki upenyo. Kung'uta kinyesi kila siku. Majani yakiisha, wahamishe tawi lingine la mti huo huo, maana hawa hawali kila jani utakalowapa. Kipepeo akitoka kwenye pupa, mpe saa chache mabawa yakauke, kisha fungua aende zake.

Na usiwe mchoyo. Funika watatu au wanne, wengine waache nje. Mlimau wa kwenye ndoo hauwezi kulisha viwavi kumi ubaki na majani, na nyigu na ndege pia wana watoto nyumbani.

Najua kuna mtu atasema, “Wewe ongea tu, hujawahi kudungwa.” Sawa. Kiota kikiwa juu ya mlango ambapo watoto hupita, au kama kwenu kuna mtu ambaye akidungwa hufura na kushindwa kupumua, hiyo ni stori nyingine. Mwambie keateka atafute mtu anayejua kukitoa. Lakini kiota kilicho juu kule kwenye kona ya paa hakijakukosea. Kiache.

Sisi wa mtaani tumezoea kwamba ukipenda kitu lazima umchukie anayekigusa. Timu, wanasiasa, hata wadudu. Lakini hapo kwako mlimau, kiwavi, nyigu na sukuma wote wanaweza kuishi ploti moja. Kazi yako ni kuweka pazia mahali panapofaa. Wikendi hii, kabla hujashika ule mkebe, pitia kwa fundi wa mapazia umuulize kama ana vipande vya neti vilivyobaki.