ATM ya maziwa: Piga hesabu ya lita kabla ya kuchukua mkopo

MASHINE za kuuza maziwa, maarufu kama ATM, zimetapakaa katika miji na vituo vya biashara kote nchini Kenya. Wafugaji wengi wanaotafuta soko bora kuliko kiwanda au broka huchukua mkopo kutoka kwa Sacco kununua mtambo huu, wakiamini kuwa ukishachomekwa kwenye stima, pesa zitaanza kuingia. Baadhi hufunga duka kabla hata ya kumaliza kulipa mkopo.

Biashara yenyewe ina msingi mzuri. Mteja mwenye Sh20 hawezi kununua pakiti ya nusu lita dukani, lakini mashine humpimia maziwa ya Sh20, au hata ya Sh10 ya kutia kwenye chai ya asubuhi. Isitoshe, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 2017, wachuuzi waliokuwa wakifunga maziwa kwenye karatasi hizo walibanwa. Mwenye ATM hakuumia kwa sababu mteja wake huja na chupa au sufuria yake.

Shida iko kwenye faida ya kila lita, ambayo ni nyembamba sana.

Tuchukue mfano, na msomaji abadilishe tarakimu kulingana na eneo lake. Tuseme unaletewa maziwa kwa Sh60 kwa lita na unauza kwa Sh72. Unabaki na Sh12. Kwa mwezi unalipa kodi ya chumba Sh9,000, mhudumu Sh16,000, stima Sh5,000, sabuni, maji na ada za leseni Sh3,000, na mkopo Sh15,000. Jumla ni Sh48,000. Ili kulipa gharama hizo tu, bila ya wewe mwenyewe kutia hata shilingi mfukoni, ni lazima uuze lita 4,000 kwa mwezi, yaani lita 133 hivi kila siku, Jumapili ikiwemo. Ukiuza lita 100 kwa siku, unapungukiwa na Sh12,000 kila mwezi.

Sasa ongeza maziwa yanayoharibika. Lita 20 zikichacha, umepoteza Sh1,200, na hiyo ndiyo faida ya lita 100. Usiku mmoja wa stima kupotea unaweza kumeza mapato ya siku nzima. Ndiyo maana wenye uzoefu hawasubiri maziwa yaharibike. Yanayobaki jioni hugeuzwa mala mapema, yangali mazuri, na mala huuzwa kwa bei ya juu kuliko maziwa. Anayeanza bila ujuzi huu anafaa kuutafuta kabla ya kutafuta mashine.

Kuna pia suala la sheria, na hapa ndipo wafugaji wengi hujikwaa. Mtu hudhani kwamba kwa kuwa ng'ombe ni wake, atakama na kumimina moja kwa moja kwenye mashine. Hairuhusiwi. Maziwa ya ATM yanapaswa kuwa yametibiwa kwa joto, kwa mfano nyuzi 72 kwa sekunde 15 au nyuzi 63 kwa dakika 30, kisha yapozwe haraka na kuwekwa kwenye baridi isiyozidi nyuzi 4 hivi. Mashine nyingi hupoza na kupima tu, hazitibu maziwa. Kwa hivyo mfugaji mwenye ng'ombe watatu atalazimika kununua mtambo mwingine wa kutibu, au kupeleka maziwa kwa anayetibu na kuyanunua tena. Mbali na hayo, zipo leseni ya Bodi ya Maziwa (KDB), kibali cha biashara cha kaunti, cheti cha afya cha mhudumu, na ukaguzi wa maafisa wa vipimo. Povu likijaa kwenye bomba, mteja hupunjwa bila mwenye duka kujua. Mteja akigundua, hatarudi, na atawaambia majirani.

Nao usafi hauna likizo. Mabomba yaoshwe kwa maji moto na sabuni kila siku baada ya kufunga, kwa sababu mabaki ya leo huharibu maziwa ya kesho. Muuzaji wa mashine huwa hataji kazi hii anapokuonyesha jinsi vitufe vinavyofanya kazi.

Msimu nao huamua mengi. Mvua ikinyesha, nyasi huwa tele na maziwa hushuka bei. Duka jipya huonekana kuwa na faida nono. Kisha hufika Januari hadi Machi, kiangazi hukaza, bei ya kununua hupanda, na mteja wa Sh20 hataki kupimiwa maziwa kidogo kuliko aliyozoea. Anayepanga kufungua duka anafaa kuafikiana na chama cha ushirika au mwenye mtambo wa kutibu kuhusu bei na kiasi cha maziwa atakayopata miezi hiyo ya ukame, na maafikiano hayo yaandikwe kabla ya kutia sahihi fomu ya mkopo.