Rumba hii siyo ya Franco

Wadau, kuna kitu kinanikera kila ninapoangalia mashindano ya dansi za Kizungu kwenye televisheni. Mtangazaji akisema sasa inafuata rumba, mtu wa kwetu anatega sikio asikie gitaa la Franco na TP OK Jazz. Wapi! Unapigwa muziki wa polepole, dada ananyoosha mguu, kaka anamzunguka kama anayebembeleza. Eti hiyo nayo rumba.

Mashindano ya kimataifa yamegawanywa mafungu mawili. Standadi ina walsi ya taratibu, tango, walsi ya Vienna, foksitroti na kwikistepu. Latini ina samba, cha cha cha, rumba, pasodoble na jaivu. Wapo wanaoshindana zote kumi.

Sasa tuulizane. Tango imezaliwa Buenos Aires na Montevideo, lakini imewekwa Standadi. Jaivu chimbuko lake ni dansi za Wamarekani weusi, lakini inaitwa Latini. Ulatini wake uko wapi jamani?

Ukichunguza utaona fungu halifuati asili, linafuata kushikana. Kwenye Standadi wawili hawaachani mwanzo hadi mwisho. Kwenye Latini wanaachana, wanazungukana, na kiuno kinafanya kazi. Kwa jaji huo ni mgawanyo wenye akili, sina ugomvi nao. (Wamarekani wana mgawanyo wao wenyewe, na huko hata walsi ruksa kuachana.)

Ugomvi wangu ni majina. Rumba hiyo ilipangiwa hatua na walimu wa London, akiwemo Pierre Margolle aliyekwenda Kuba mwaka 1947. Walichorudi nacho kilikuwa karibu zaidi na son na bolero kuliko rumba ya ngoma ya Havana na Matanzas. UNESCO iliitambua rumba ya Kuba mwaka 2016 na ya Kongo mwaka 2021. Hii ya mashindano siyo mojawapo. Lakini kijana wa Kinshasa akipanda jukwaa la Blackpool na rumba ya kwao, atashika mkia, tena ataambiwa hajui rumba! Na Mbrazili na samba yake yatamkuta hayo hayo.

Mimi ningeziita tu dansi za kushikana na dansi za kuachana, basi. Mnasemaje?