Neno la Mwezi: Kibali cha Kwenda Barafuni

Mwanachama mwenzetu anayesomea biolojia ameniletea swali ambalo sikulitarajia katika safu hii. Mwalimu wake anaandaa maombi ya utafiti katika kisiwa cha Marion, naye amepewa kazi ya kusoma masharti na kuyafupisha. Anauliza: ile karatasi ambayo mtu huiomba kabla ya kwenda kwenye visiwa na barafu za kusini, kwa Kiswahili tuiite leseni, ruhusa, idhini au kibali? Na akaongeza swali la pili, ambalo ni gumu zaidi, nitalifikia mwishoni.

Jibu la kwanza ni kibali. Leseni tumeipata kwa Waingereza, nayo humhusu mtu anayefanya jambo lilelile kila siku: dereva, mwenye duka, mvuvi. Ruhusa haihitaji hata karatasi. Mtoto huomba ruhusa ya kwenda kucheza. Idhini ina sauti ya mkubwa anayekaa mahali pake na kusubiri aombwe, kama walii katika ndoa. Kibali kimetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa kukubali. Wale kati yetu ambao lugha yao ya nyumbani ni isiZulu wataona jambo zuri hapa: imvume yao imetoka katika ukuvuma, yaani kukubali. Lugha mbili zisizo na undugu katika neno hili zimefika kwenye wazo moja. Mwenye kibali, au mwenye imvume, ni mtu ambaye jambo lake limekubaliwa.

Lakini hapa Durban neno hilo lina uzito mwingine. Mwambie Mkongo au Mrundi wa kule Point "kibali", hatafikiria pengwini. Atafikiria foleni ya Mambo ya Ndani, tarehe ya kuisha, na askari anayegeuza karatasi huku na huku. Wengi wetu katika klabu hii tuna kibali cha masomo kilichobandikwa kwenye pasipoti. Kibali cha aina hiyo kina maswali yake: wewe nani, umetoka wapi, utaondoka lini? Kibali cha barafuni nacho huuliza utaondoka lini, ila hakijali sana umetoka wapi. Swali lake kubwa ni utaacha nini nyuma yako.

Kwanza tutenganishe mahali pawili ambapo watu hupachanganya. Marion si Antaktika. Kiko takriban kilomita 2,000 kusini-mashariki ya Cape Town, karibu na nyuzi 47 kusini, nacho pamoja na jirani yake, kisiwa cha Prince Edward, ni ardhi ya Afrika Kusini kwa sheria ya mwaka 1948. Tangu 1995 visiwa hivyo ni hifadhi maalumu ya asili, daraja la juu kabisa la ulinzi nchini, na watalii hawaruhusiwi kushuka. Antaktika yenyewe, kwa hesabu ya mkataba, huanza nyuzi 60 kusini. Huko hakuna mwenye nyumba wa kukubali au kukataa. Nchi 12 zilitia saini Mkataba wa Antaktika mjini Washington mwaka 1959, na Afrika Kusini ilikuwa mojawapo, pekee kutoka bara letu. Mwaka 1991, mjini Madrid, ikaongezwa Itifaki ya Ulinzi wa Mazingira, iliyoanza kutumika Januari 1998. Afrika Kusini iliingiza mikataba hiyo katika sheria zake kwa Sheria Na. 60 ya 1996.

Kwa hiyo kibali cha Antaktika hutolewa na nchi ambayo msafara umeandaliwa kwake. Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo hazimo katika mkataba. Mtafiti wa Nairobi anayejua njia ya kwenda NACOSTI, au wa Dar es Salaam anayejua njia ya kwenda COSTECH, hana ofisi nyumbani ya kumpa kibali hiki. Itabidi aingie kupitia msafara wa nchi nyingine. Ndiyo sababu jambo hili linatuhusu sisi tuliokuja kusoma katika nchi hii kuliko linavyoonekana.

Sasa tuone kazi yenyewe. Msomaji wa Tanzania anaifahamu tayari Tathmini ya Athari kwa Mazingira, maana NEMC huidai kabla ya kujenga hoteli au kiwanda. Itifaki ya Madrid imejengwa juu ya wazo hilohilo, kwa ngazi tatu. Kila safari hupimwa kwanza nyumbani. Ikionekana kwamba athari yake ni chini ya kile kinachoitwa athari ndogo au ya muda mfupi, safari huendelea. Ikionekana italingana na kiwango hicho, huandikwa tathmini ya awali: shughuli ni ipi, wapi, kwa muda gani, kwa ukubwa gani, kuna njia mbadala zipi, na ukijumlisha na shughuli za wengine waliokwisha kufika hapo, mzigo unakuwaje. Ikizidi kiwango hicho, huandikwa tathmini kamili, na rasimu yake huwekwa hadharani na kutumwa kwa nchi nyingine zote ili zitoe maoni ndani ya siku 90.

Katika tathmini kamili kuna sharti moja ninalolipenda kuliko yote. Mwombaji lazima aeleze njia mbadala, ikiwamo ile ya kutofanya shughuli hiyo kabisa. Hebu fikirieni fomu ya serikali inayokutaka uandike, kwa mkono wako, hoja za kubaki nyumbani. Sijaona nyingi za namna hiyo.

Juu ya tathmini kuna vibali vyenyewe. Kumshika, kumjeruhi au hata kumsumbua ndege au sili kunahitaji kibali. Kuingia katika maeneo yaliyotengwa kwa ulinzi maalumu kunahitaji kibali kingine, na kila eneo lina mpango wake unaosema unachoweza kubeba na unapoweza kukanyaga. Viko pia vitu ambavyo havipewi kibali hata ukipiga magoti. Mbwa walipigwa marufuku, na wale waliokuwa wakivuta sleji walitakiwa kuondolewa wote kabla ya tarehe 1 Aprili 1994. Kuku hai haingii. Viuatilifu, isipokuwa kwa sayansi, tiba au usafi, haviingii. Wala vile vipande vyepesi vyeupe vinavyojazwa kwenye maboksi ya televisheni ili zisivunjike, kwa sababu upepo ukivichukua hakuna atakayeviokota.

Anayekwenda Marion naye hukaguliwa hadi kwenye mishono. Viatu vinasuguliwa, mifuko ya jaketi inageuzwa nje, mikanda ya kunata inachokolewa mbegu moja moja. Sote tunaijua kishonanguo, ile uqadolo ya hapa KwaZulu-Natal inayong'ang'ania suruali ukipita vichakani. Mbegu moja ya tabia hiyo ikishuka salama kisiwani, kazi ya kuing'oa itakuwa ya wajukuu.

Hayo si maneno ya kutisha watoto. Panya wa nyumbani walifika Marion na meli za wawinda sili katika karne ya 19, bila shaka bila kibali. Mwaka 1949 wafanyakazi wa kituo cha hali ya hewa wakapeleka paka watano wawapunguze panya. Paka wakaona ndege ni rahisi zaidi. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 walikuwa maelfu, na ilikadiriwa kwamba waliua ndege wapatao 450,000 kwa mwaka. Ilichukua ugonjwa ulioletwa makusudi, mitego, na watu wenye bunduki na tochi usiku hadi paka wa mwisho walipokwisha mwaka 1991. Panya wakabaki. Sasa wanawatafuna makinda wa albatrosi wakiwa hai viotoni, na miaka ya karibuni wameanza kuwashambulia hata ndege wazima. Karibu robo ya albatrosi wakubwa wanaotangatanga duniani huzaliana kwenye kisiwa cha Marion.

Idara ya mazingira na shirika la BirdLife South Africa wana mpango wa kumaliza panya wote kwa kumwaga mamia ya tani za chambo chenye sumu kwa helikopta juu ya kisiwa kizima. Nao pia wanahitaji vibali. Fikiria ugumu wake: unaomba ukubaliwe kumwaga sumu katika hifadhi ya daraja la juu kabisa, ukijua kuna ndege wachache watakaoila, kwa sababu usipofanya hivyo panya watamaliza wengi. Mimi ningetia saini. Lakini naelewa kwa nini anayetia saini anataka kurasa mia kadhaa kwanza.

Durban haina haki ya kuwatazama wawinda sili kwa dharau. Kuanzia 1908 hadi 1975 nyangumi waliletwa katika bandari yetu, wakavutwa kwa treni kuzunguka kilima cha Bluff, wakachunwa na kuchemshwa upande wa baharini. Kampuni za hapa zilituma meli hadi bahari za Antaktika. Kwenye Bluff hiyohiyo, pale Kings Rest, ndipo walipokaa wale tunaowaita Wazanzibari, watumwa waliokombolewa baharini na kushushwa hapa kuanzia 1873, kabla utawala wa kibaguzi haujawahamishia Chatsworth. Hao walihamishwa kwa karatasi halali, na nyangumi nao waliuawa kwa leseni halali. Leseni iliuliza nani anavua na kwa meli ngapi. Haikuuliza bahari itabaki na nini. Hapo ndipo ninapoona tofauti ya leseni na kibali si ya kamusi tu.

Kwa upande wa kujivunia, chuo kikuu cha hapa kimefanya sayansi ya anga katika kituo cha SANAE kwa miongo mingi, na rada iliyosimikwa huko mwaka 1997 ilikuwa na mkono wa Durban. Kituo chenyewe, SANAE IV, kimesimama kwa miguu ya chuma juu ya mwamba wa Vesleskarvet, baada ya vile vya awali kufukiwa na theluji.

Je, kibali kinafanya kazi? Mfano mzuri ni wa Machi 2022. Meli ya SA Agulhas II, chini ya nahodha Knowledge Bengu, ilitoka Cape Town na msafara wa Waingereza kutafuta Endurance, meli ya Ernest Shackleton iliyozama 1915. Wakaipata kwenye kina cha mita 3,008 katika bahari ya Weddell. Masalia hayo yameorodheshwa kama mnara wa kihistoria chini ya mkataba, hivyo walipiga picha, wakapima, wakaondoka. Hawakuokota hata sahani. Lakini miaka mitatu kabla, meli hiyohiyo ilikwenda kuitafuta Endurance, na roboti moja ya chini ya maji ikapotelea chini ya barafu, ikabaki huko. Nao walikuwa na kibali.

Mfano mbaya ni wa 2011. Mnorwe Jarle Andhøy alipeleka mashua ya Berserk kwenye bahari ya Ross bila kibali. Dhoruba ikaja, mashua ikapotea na watu watatu waliokuwamo, na waokoaji wakalazimika kuhatarisha maisha yao kuwatafuta. Serikali ya Norwe ilimtoza faini. Watu hudhani fomu hizi ni za kuwatetea pengwini peke yao, kumbe kuna ukurasa unaouliza bima yako iko wapi na nani atakuja kukuchukua.

Kuna jambo linalonikera, na sitalificha. Rasimu ikishatumwa kwa nchi zote na maoni yakishatolewa, uamuzi wa mwisho ni wa nchi ileile iliyoomba. Hakuna kura ya kuizuia. Mapema 2023 wanaharakati waliandamana Cape Town wakipinga meli ya Urusi, Akademik Alexander Karpinsky, iliyopitia huko kwenda kupima miamba chini ya bahari ya Antaktika. Itifaki inakataza shughuli zozote za madini isipokuwa utafiti wa kisayansi. Warusi wanasema ni utafiti. Wanaharakati wanasema ni kutafuta mafuta. Vyombo vinavyotumika ni vilevile, kwa hiyo nani ataamua? Kijijini kwetu tathmini ikifanywa, angalau yupo mwenyekiti wa kijiji na bibi mmoja mkali wa kusimama mkutanoni. Barafuni hakuna bibi. Wapo majirani tu, na majirani hao nao wana miradi yao.

Sasa swali la pili la mwenzetu. Kile kizingiti cha sheria, ambacho mimi hapo juu nimekiita "athari ndogo au ya muda mfupi", yeye ameona kimetafsiriwa ovyo, na anataka neno sahihi. Ugumu ni kwamba itifaki haikufafanua popote ndogo ni ipi. Njia ya miguu juu ya kuvumwani ni ndogo kwa mtu, lakini alama yake inaweza kudumu miongo. "Ya muda mfupi" inaleta saa na siku, wakati sheria inazungumzia kitu kinachopita na kutoweka. Nimefikiria "athari ya kupita", ila inasikika kama upepo. "Athari isiyodumu" naiona bora, kwa kuwa inamlazimisha mwombaji athibitishe kwamba haitadumu. Upande wa "ndogo" nimekwama kati ya "hafifu" na "ndogo" yenyewe. Walimu wa isimu wenye pendekezo waniandikie kabla ya toleo lijalo, maana mwenzetu anatakiwa kukabidhi muhtasari wake mwisho wa mwezi.