Hesabu ya Sehemu Ianzie Kwenye Debe



Mara nyingi wazazi hulalamika kwamba hesabu za sehemu ni ngumu na watoto wao hawana kichwa. Sisi tuliosomea ualimu twakataa. Mtoto wa Nyantakara hutumwa dukani kununua robo kilo ya sukari. Nyumbani huwagawia wadogo zake muhogo, na ole wake akikosea! Sehemu anazijua. Asichojua ni kwamba za ubaoni na za jikoni ni zile zile.

Kosa ni letu. Tunaanza na chaki: kiasi juu, asili chini. Kisha twashangaa mtoto akijumlisha nusu na theluthi, akaandika 2/5. Amejumlisha ya juu kwa ya juu na ya chini kwa ya chini. Tusimchape. Tumpeleke kwenye gunia la mahindi lenye madebe 6. Nusu yake ni madebe 3, theluthi yake ni madebe 2. Jumla madebe 5 katika 6, yaani 5/6. Ile 2/5 haifiki hata nusu. Yawezekanaje mtu mwenye nusu aongezewe, kisha apungukiwe? Swali hilo mtoto atalijibu mwenyewe, wala hatalisahau.

Jambo hili si la walimu peke yao. Ni la kila mkulima, kwa sababu ya lumbesa. Anayejaza debe la saba juu ya gunia la madebe 6, akalipwa gunia moja, ametoa bure sehemu moja ya saba ya jasho lake. Akiuza magunia 6 ya namna hiyo, amepoteza gunia zima! Lumbesa imepigwa marufuku, lakini siku ya kuuza sheria haipo pale shambani. Aliyepo ni mkulima na hesabu yake.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ya msingi imwandae mtoto kwa maisha atakayoishi kijijini. Maisha hayo yana debe, gunia na mnunuzi.

Basi, walimu, leteni debe darasani. Wazazi, siku ya kupima mazao waiteni watoto, wahesabu wao. Ajuaye hesabu ya sehemu hanyang'anywi sehemu yake.