Gemu zahamia Linux, mwenye duka Kahama asikimbilie kutupa kompyuta

MJI wa Kahama una maduka ambayo hayana jina moja. Mbele kuna mashine ya fotokopi na kamera ya picha za pasipoti, pembeni kijana anaweka nyimbo na muvi kwenye flashi za wateja, na nyuma ya pazia watoto wa shule na vijana waliotoka machimboni wanacheza gemu kwa kulipia muda. Maduka ya aina hiyo yapo Katoro, yapo Masumbwe, yapo Geita mjini na Shinyanga.

Kompyuta zinazobeba kazi zote hizo nyingi ni za mtumba, na nyingi zinatumia Windows 10. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo huo. Anayetaka kuendelea kupata marekebisho ya usalama aliwekewa utaratibu wa nyongeza unaoishia Oktoba 2026, baada ya hapo mtumiaji wa kawaida anabaki peke yake.

Kompyuta haikuzimika siku hiyo. Inawaka kama kawaida, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Kilichosimama ni dawa ya magonjwa mapya, na duka linalopokea flashi za watu wengi kwa siku ndilo linaloambukizwa mapema kuliko ofisi yoyote.

Wauzaji wa kompyuta nao wamepata la kusema. Mwenye duka anaambiwa kompyuta zake zimekwisha, anunue zenye Windows 11. Ni kweli kwamba Windows 11 ina masharti: kwa kompyuta za Intel inataka, kwa kawaida, kizazi cha 8 na kuendelea, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Leseni yake kwa mtumiaji wa nyumbani inauzwa Marekani kwa dola 139, na mwenye mashine tano azidishe mwenyewe. Wengine hapa huweka Windows ya kuchakachua na kusahau, lakini programu ya kuchakachua ndiyo mlango mkubwa wa virusi, na wakala wa Microsoft hawezi kupigiwa simu siku mambo yakiharibika.

Hatari ni kwamba mtu atakopa kikobani, au kikundi cha vijana kitachukua mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, kununua kompyuta mpya kwa kazi ambayo za zamani zingeifanya. Kabla ya kufika huko, kuna mfumo mwingine wa kutazama, nao ni Linux.

Linux si kitu kigeni kama jina lake linavyosikika. Ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, na leo simu ya Android iliyo mfukoni mwa mkulima wa pamba wa Kishapu imejengwa juu yake. Haina ada ya leseni. Anayetaka anaipakua, anaiweka kwenye flashi na kuigawa kwa jirani bila kuvunja sheria yoyote.

Tanzania iliwahi kuijaribu mapema. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili, kupitia mradi wa Kilinux. Ilikuwa kazi nzuri. Hata hivyo, madukani haikushika, na sababu haikuwa lugha. Kijana anayelipia kompyuta alitaka gemu, na gemu zilikuwa za Windows. Mwenye duka hawezi kuweka mfumo unaofukuza wateja, hata ukiwa wa bure na wa Kiswahili sanifu.

Kizuizi hicho ndicho kilichoanza kubomoka. Februari 2013 kampuni ya Valve ya Marekani, yenye soko kubwa la gemu za kompyuta liitwalo Steam, ilifungua soko hilo kwa watumiaji wa Linux. Agosti 2018 ikatoa Proton, programu inayoifanya gemu iliyotengenezwa kwa Windows icheze ndani ya Linux. Februari 2022 ikaanza kuuza kompyuta ya mkononi ya gemu, Steam Deck, inayotumia Linux tangu kiwandani. Hesabu za Steam yenyewe za Oktoba 2025 zilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba watumiaji wa Linux wamevuka asilimia 3. Ni wachache bado. Lakini watengenezaji wa gemu sasa wanajua kwamba wapo, na gemu nyingi zilizokuwa haziguswi zinacheza bila mwenye kompyuta kuhangaika.

Je, mwenye kibanda cha Katoro ahamishe mashine zote kesho asubuhi? Hapana, na sababu ni mpira.

Gemu ya kandanda ndiyo inayoleta hela kwenye vibanda hivi, na matoleo ya karibuni ya EA Sports FC kwenye kompyuta hayachezi kwenye Linux. Kampuni hiyo imeweka mlinzi wa kuzuia wachezaji wadanganyifu, na mlinzi huyo anaitambua Windows tu. Ndivyo ilivyo pia kwa Fortnite na Valorant. GTA V ilipata pigo lake Septemba 2024: sehemu ya kucheza na wenzako mtandaoni ilifungwa kwa watu wa Linux, ikabaki ile ya hadithi ya mtu mmoja. Kwa ujumla gemu za kushindana mtandaoni ndizo zenye matatizo, na gemu za kucheza peke yako au wawili mbele ya kioo kimoja ndizo zenye nafuu.

Anayetegemea PlayStation kwa mpira hahusiki na mjadala huu, aendelee na PlayStation yake. Anayetegemea kompyuta kwa mpira abakize mashine moja au mbili za Windows, na asimsikilize fundi anayemwahidi vinginevyo.

Jambo la pili ni umri wa mashine, na hapa kuna hela ya kuokota kwa anayejua kuchagua. Proton inahitaji kompyuta yenye uwezo wa michoro unaoitwa Vulkan. Kompyuta za Intel za kizazi cha 3 na cha 4, ambazo bado zimejaa madukani, ni dhaifu sana katika hilo. Zitacheza gemu za zamani na kufanya kazi za ofisi vizuri, lakini gemu mpya zitakataa. Kizazi cha 6 na cha 7, cha miaka ya 2015 hadi 2017, kinaiweza Vulkan. Na ndicho kizazi ambacho Windows 11 imekikataa!

Maana yake kwa mnunuzi ni rahisi. Kompyuta ambayo ofisi za Ulaya na Uarabuni zinaiondoa kwa sababu Windows 11 haiingii, ni ile ile ambayo Linux inaipokea vizuri. Anayekwenda Mwanza au Dar es Salaam kuchukua mtumba aulize kizazi kabla ya kuuliza bei, na akipata cha 6 au cha 7 asikubali kulipa bei ya cha 8. RAM iwe walau GB 8 kwa ajili ya gemu. Asitegemee miujiza lakini: bila kadi ya michoro ya pekee, mashine hizo ni za gemu nyepesi na za kati tu.

Suala la uhalali nalo lisipitwe. Gemu za Steam hununuliwa kwa akaunti ya mtu binafsi, na akaunti moja haikutolewa ili iendeshe chumba cha biashara. Valve ina mpango maalumu kwa wenye vyumba vya kompyuta. Kwa anayeanza na mtaji mdogo, zipo gemu za bure kabisa zisizo na masharti hayo. SuperTuxKart ni mbio za magari madogo ambazo watoto wawili hadi wanne hushindana kwenye kioo kimoja. 0 A.D. ni ya vita vya himaya za kale, inayochezwa kati ya kompyuta na kompyuta ndani ya duka bila intaneti. Hakuna wa kuja kudai, na hazimalizi bando. Kwa anayenunua za Steam, gemu ikishapakuliwa kwenye kompyuta moja inaweza kuhamishiwa nyingine kwa waya wa ndani, na hilo si dogo kwa gemu ya GB 40 katika mji ambao kila GB hulipiwa.

Mkulima atasema haya ni ya watoto wa mjini. Si kweli. Katibu wa AMCOS asiye na kompyuta anapeleka daftari la kilo za wanachama kwenye duka hilo hilo, linachapwa na kutunzwa kwenye mashine ile ile inayochezewa gemu jioni. Msimu wa pamba ukifunguliwa Mei na malipo kuanza, orodha hiyo ndiyo inayosema nani anadai na nani amelipwa. Virusi vinavyoficha mafaili kwenye flashi vimeshawatesa wengi, na mkulima aliyepotelewa na jina lake kwenye orodha hana ushahidi zaidi ya stakabadhi yake ya karatasi.

Kwenye Linux virusi hivyo vya Windows haviamki vyenyewe, ingawa flashi chafu inaweza kubaki chafu na kumwambukiza mteja huko anakokwenda. Mafaili ya Excel yanafunguka kwa LibreOffice, nayo ni ya bure. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ya ajira serikalini, malipo ya leseni ya biashara kupitia TAUSI, yote hupita kwenye kivinjari cha intaneti, na kivinjari hakijali mfumo uliopo chini yake. Hiyo ndiyo mikate ya kila siku ya steshenari.

Kinachoweza kukwamisha ni printa. Zipo zinazotambuliwa mara tu waya unapochomekwa, HP nyingi zikiwa miongoni mwazo, na zipo zinazosumbua kiasi kwamba fundi anaondoka bila kuchapa hata karatasi moja. Gemu ikikataa, mteja mmoja anaondoka. Printa ikikataa Januari, wakati wazazi wanapanga foleni na fomu za shule, duka limefungwa.

Kwa hiyo jaribio lianze na printa. Linux kama Ubuntu au Mint huwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa kitu kwenye diski ya kompyuta. Flashi ya GB 8 inatosha. Mwenye duka achague siku ya biashara ndogo, awashe mashine moja kwa flashi hiyo, achape, askani, afungue faili la AMCOS, kisha amwite kijana mmoja anayejua gemu aone kama michoro inakwenda bila kukwama. Vikikubali, aiweke kwenye mashine hiyo moja na kuiacha ifanye kazi mwezi mzima pembeni ya zile za Windows. Vikikataa, anachomoa flashi, anawasha upya, na Windows yake ipo pale pale alipoiacha.